Orijino

Mwaka jana dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Garissa. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtoto analia kwa nguvu zake zote.

"Walaal, huyu mtoi wetu anataka kitu inaitwa Beyblade. Nimemnunulia ya hapa sokoni amekataa. Anasema ni feki, anataka ile ya kwenye katuni. Wewe si uko Nairobi? Mtafutie."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu nilimkumbuka mtu ambaye nilikuwa nimejitahidi miaka kumi na saba kutomkumbuka.

Mwaka wa 2006 nilikuwa na miaka tisa na tulikuwa tunaishi Bulla Iftin. TV ilikuwa kwa jirani. Katuni zilionyeshwa Jumamosi asubuhi, saa zile zile ambazo nilipaswa kuwa duksi na ubao wangu wa kuandikia aya. Kwa hivyo kila wiki nilikuwa nachagua kati ya fimbo ya mwalimu na Dragoon. Nilichagua Dragoon mara nyingi. Mgongo ndio ulilipa.

Kwa wasiojua: Beyblade ni pia. Pia tu, hii ya kuzungushwa chini. Kampuni ya Takara ya Japani ilianza kuziuza mwaka wa 1999, ikichukua mchezo wa zamani wa huko unaoitwa beigoma. Watoto wa Japani walikuwa wanazungusha pia ndogo za chuma kwa kamba, juu ya kitambaa kilichokazwa kwenye mdomo wa pipa, na kabla ya chuma walitumia makombe ya konokono wa baharini. Takara ikaweka plastiki, diski ya chuma katikati ya kuipa uzito, na kifaa cha kuifyatulia chenye mkanda wa meno. Mwaka wa 2001 ikawa katuni. Kwenye katuni kila pia ina mnyama ndani. Ya Tyson ina joka, ndiyo Dragoon. Ya Kai ni Dranzer. Pia zikigongana, mnyama anatoka na kupanda mpaka mawinguni.

Hayo ya Japani nimeyajua ukubwani. Wakati huo nilijua kitu kimoja: mahali fulani duniani kuna mtoto ana joka mkononi, na mimi sina.

Hooyo alikuwa na bucha karibu na soko. Kuna kijana alikuwa anamsaidia, wa miaka kumi na tano hivi, anayevuka daraja kila asubuhi kutoka Madogo. Alikuwa anaosha meza, ananoa visu, anabeba mapaja ya mbuzi begani, anafukuza nzi. Mimi nikitoka shule nilikuwa nashinda naye kwa sababu ndiye mtu mzima pekee aliyesikiliza hadithi nzima ya Dragoon bila kuniambia niende nikalete maji.

Siku moja akanitengenezea. Alichukua kokwa la koma, lile gumu linalobaki ukishamaliza kutafuna tunda, akalitoboa kwa msumari uliochomwa kwenye makaa, akapachika kijiti na kukichonga ncha. Uzi ulikuwa wa gunia. Akaifunga, akavuta, na ile pia ikasimama pale kwenye sakafu ya bucha ikizunguka kimya, muda mrefu, kama imelala.

Nikamwambia, "Si hii. Ya kwa TV iko na mnyama ndani."

Akaiokota, akaitazama kwa makini. "Hii iko na mti ndani," akasema.

Sikucheka. Nilikuwa mtoto wa aina hiyo.

Idd ul-Fitr ya mwaka huo ilikuwa Oktoba. Kama umekulia kwetu unajua pesa za Idi: unapita nyumba kwa nyumba na nguo mpya inayokuwasha shingo, unapewa mbao hapa, hamsini pale, na ifikapo adhuhuri wewe ni tajiri. Nilikimbia Soko Mugdi. Mugdi ni giza kwa Kisomali, na vichochoro vyake vilikuwa na giza kweli, na ndani ya giza hilo vitu vya kuwaka vilipendeza kuliko kawaida. Nikanunua bleidi ya mia moja na hamsini. Ilikuwa na taa nyekundu na ilipiga wimbo. Kwenye karatasi ya nje kulikuwa na picha ya Tyson, lakini jina lilikuwa limeruka herufi moja.

Jioni tukazipambanisha, yangu na koma. Mgongano wa tatu, yangu ikapasuka. Koma ikaendelea kuzunguka juu ya vipande.

Nilirudi kwa muuzaji nikilia. Alikuwa mzee mpole. Akasema, "Abti, hii ni ya kuangalia. Ile ya kupigana iko Garissa Lodge."

Siku mbili nilizunguka Garissa nikitafuta Garissa Lodge. Niliuliza stendi ya basi, niliuliza msikitini, niliuliza kila mahali palipoandikwa neno la kulala wageni. Mwishowe tanboi mmoja wa lori akashika mbavu kwa kucheka. Garissa Lodge haiko Garissa. Iko Isli, Nairobi. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni kweli, kisha miaka ya tisini mwanzoni, serikali ya Somalia ilipoanguka na watu wakaja na mali kidogo waliyookoa, wakaanza kuuzia bidhaa vyumbani, kwenye vitanda. Biashara ikafukuza wageni, vyumba vikawa maduka, na maduka marefu mengi ya Isli ya leo yamefuata njia hiyo. Nilipoelezwa hivyo nilihisi nimeibiwa. Jina ni letu, vitu viko kwao.

"Niletee mia tano," tanboi akaniambia. "Nitakuja nayo. Orijino."

Sasa weka hiyo kando kidogo, nikueleze kuhusu mvua.

Mwishoni mwa 2006 ilinyesha kupita kiasi. Tana ilifurika, barabara zikakatika, mbu wakawa wingu. Halafu mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba, na watu wakaanza kufa. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, na Garissa ilikuwa kati ya sehemu zilizopigwa zaidi. Kabla ya mwaka mpya ulikuwa umekaa, zaidi ya watu mia moja walikuwa wamekufa nchini. Soko la mifugo likafungwa, kuchinja kukapigwa marufuku. Idi ya kuchinja iliangukia siku za mwisho za Desemba, na mji ambao kila kitu chake kinatembea kwa miguu minne ukakaa kimya kama mji mgonjwa, kwa sababu ulikuwa mgonjwa.

Bucha ya Hooyo ilifungwa. Akaanza kupika maharagwe na kuuza pale pale mlangoni. Yule kijana aliendelea kuvuka daraja kila siku, akichota maji na kuosha sufuria, ingawa nadhani alijua hakuna mshahara wa kumlipa. Akiba ya mwisho ilikuwa kwenye mkebe wa Nido chini ya meza: pesa ya kununulia mbuzi wa kwanza soko likifunguliwa.

Nilitoa noti ya mia tano humo.

Ningependa kusema sikujua nilichokuwa nafanya. Nilijua. Nilichagua saa ya adhuhuri, Hooyo akiswali. Kijana alikuwa nje ameinama kwenye sufuria, mgongo wake umenielekea. Nilimpa tanboi noti hiyo jioni.

Usiku Hooyo alihesabu. Akahesabu tena. Hakuuliza mtu yeyote. Asubuhi yule kijana alipofika, alimwita pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini, na kijana akageuka akarudi alikotoka. Hooyo akaniambia tu, "Hatuna kazi ya kumpa sasa." Ambayo ilikuwa kweli pia. Ndiyo sababu nilipata kuishi nayo. Kila nilipotaka kusema, nilijiambia kwamba angefukuzwa tu, na mia tano au bila mia tano.

Tanboi alirudi baada ya wiki tatu. Kwa haki yake, aliileta. Ilikuwa nzito kidogo kuliko ile ya soko, na jina lilikuwa na herufi zote. Nilizunguka nayo mtaa mzima siku mbili. Siku ya tatu pete ya juu ikachomoka, nikaona ndani: mahali pa diski ya chuma kulikuwa na plastiki iliyopakwa rangi ya fedha.

Niliitupa mtoni. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimemfukuzisha mtu kazi kwa ajili ya rangi ya fedha.

Rudi Nairobi sasa. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sababu moja. Nyingine ni kwamba niliacha kuelewa nilikuwa nafanya nini pale, na hiyo haina stakabadhi ya kumwonyesha mzazi. Kwa hivyo sikumwonyesha. Kwa Hooyo nilikuwa bado nasoma, miaka inapita, "kozi ni ndefu." Kodi nalipa kwa kuandika, na sehemu kubwa ya kuandika huko ni maelezo ya bidhaa kwa maduka ya mtandaoni. Blenda, viatu, vitu vya watoto. Naandika "imara" na "halisi" kuhusu vitu ambavyo sijawahi kuvishika. Nalipwa kwa idadi ya maneno. Halisi ni neno moja.

Nilianzia Isli kumtafutia mpwa wangu. Maduka matatu, jengo baada ya jengo. Zote zilikuwa na taa. Moja iliimba. Kijana mmoja dukani alinionyesha ya elfu moja na mia mbili, akaapa kwa dini yake, kisha nilipomuuliza kama diski ni ya chuma akanitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake. "Buda, ni mchezo wa watoto. Chuma ya nini?"

Wiki ya tatu ndiyo nikaenda Gikomba kutafuta koti, na si kitu kingine. Mzigo wa vitu vya kuchezea ulikuwa umetoka kufunguliwa, umemwagwa kwenye turubai. Kama hujawahi kuona mitumba ya watoto, ni kitu cha ajabu: wanasesere wenye jicho moja, magari bila magurudumu, nusu ya utoto wa mtu wa Ulaya au Kanada. Mali ya kamera ilikuwa imeshachaguliwa na wenye maduka. Tuliobaki tulikuwa tunapekua fagia.

Ilikuwa chini kabisa, imekwama ndani ya sufuria ya plastiki. Nyeupe na bluu, imechubuka kila upande. Joka la katikati lilikuwa limefifia likabaki kama doa la chai. Haikuwa na kifyatulio. Niliigeuza, nikaona maandishi madogo yaliyoinuka kwenye plastiki, jina la Takara, na chini yake kwamba imetengenezwa China. China! Orijino na feki, zote zimetoka nchi moja. Nikaifungua kwa kucha, nikatikisa. Diski ikaanguka kiganjani. Chuma. Baridi, nzito.

"Hiyo ni ngapi, mathe?"

"Hamsini. Lakini imeharibika hiyo, chukua gari."

Nilisimama pale Gikomba watu wakinisukuma na mikokoteni ikinipigia kelele nipishe, na kitu nilichokitaka maishani mwangu kuliko kitu chochote kilikuwa mkononi, na nilichokiona ni mgongo wa mtu ameinama kwenye sufuria.

Safari ya Garissa ni kama kilomita 370. Ukipita Mwingi kijani kinaisha, na baadaye joto linaingia kwenye basi kama abiria mwingine. Kabla ya daraja unashuka, unapanga foleni, unaonyesha kitambulisho, unapanda tena. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno njia yote. Kufika Madogo yalikuwa yameisha.

Mpwa wangu aliitazama Dragoon kwa sekunde tano.

"Hii ni ya kitambo."

"Hii ndiyo orijino."

"Haina kifyatulio, abti. Na si X." Anataka Beyblade X, ya sasa, yenye kuruka kwenye reli. Anaiona kwenye simu ya mama yake. Sikumlaumu. Nilikuwa hivyo hivyo.

Usiku, watoto wamelala, nilikaa na Hooyo uani. Kwetu mama humwita mtoto jina lile lile ambalo mtoto anamwita yeye, kwa hivyo akaniambia, "Hooyo, mbona umekonda?" Nikaiweka Dragoon juu ya jamvi, nikamwambia yote. Mkebe wa Nido. Swala ya adhuhuri. Tanboi. Na kwa vile nilikuwa nimeshaanza kumwaga, nikamwambia na ya chuo.

Alikaa kimya muda mrefu. Mbu mmoja alikuwa anaimba sikioni mwangu na sikuthubutu kumpiga.

"Kwa hivyo hakuwa yeye," akasema.

"Hakuwa yeye."

"Nilimwambia aende. Sikumwambia kwa nini, lakini aliona macho yangu." Akaichukua ile pia, akaipima uzito mkononi kama anapima maini. "Hii ni haki ya mtu. Utaswali mpaka paji litoboke, Mungu hakusamehei kabla yake. Hata mimi. Kesho utaenda kumtafuta."

"Na ya chuo?"

"Ya chuo itangoja."

Asubuhi aliniamkia na mfuko: kilo mbili za nyama ya mbuzi na bahasha. Elfu tano na mia tano. Ile elfu tano, alisema, ni mshahara ambao hakumlipa wakati wa homa, na nyongeza ya miaka. Mia tano ni mia tano.

Madogo si kubwa. Niliuliza kwa jina lake na la babake, na kufikia saa tano mtu wa boda alikuwa amenifikisha shamba moja kando ya mto, migomba na maembe, pampu ya dizeli inapiga kelele. Alikuwa na mvi kidogo pembeni. Alizima pampu kunisikia, na nilitamani asingeizima.

Nilisema haraka. Yeye alisikiliza vile vile alivyokuwa akisikiliza habari za Tyson na Kai, bila kunikatiza.

"Nilijua ni wewe," akasema nilipomaliza. "Nilirudi baada ya kama mwezi kuchukua gambuti zangu. Nikakuona na ile bleidi. Nikajiambia, basi, ndiyo hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. Alisema ile njaa ya mwaka huo nyumbani kwao waliikumbuka, kwamba mdogo wake alikatizwa shule muhula huo na hakurudi. Aliyasema kama mtu anayetoa hesabu, hakuongeza chumvi. Nikamuomba msamaha. Akaitikia, "Nimesikia." Nilingoja neno linalofuata. Halikuja, na sikuwa na haki ya kulidai.

Akapokea nyama. Akafungua bahasha, akahesabu mbele yangu, akatoa noti ya mia tano akanirudishia.

"Hii ni ya mama. Mwambie mimi sikuichukua."

Kisha akawasha pampu.

Nilirudi kwa miguu juu ya daraja. Tana ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, imejaa. Hapo chini mahali fulani kuna plastiki yangu ya rangi ya fedha, kama haijafika baharini.

Nyumbani nilimkuta mpwa wangu uani. Alikuwa ameizungusha Dragoon kwa vidole viwili juu ya sinia la bati, na ilikuwa inazunguka vibaya, inayumba kama mlevi, lakini yeye alikuwa amelala kifudifudi, kidevu chini, akiitazama kwa karibu sana.

Nikampa Hooyo noti na ujumbe wake. Aliishika kwa ncha za vidole. Akaenda ndani, nikasikia mfuniko wa mkebe ukifunguka na kufungwa. Hajaitumia mpaka leo. Nimeuliza.

Alipotoka alikuwa amebeba viti viwili vya plastiki. Akaviweka vikitazamana.

"Haya," akasema. "Kaa. Sasa tuongee ya chuo."